Drili ya Bwana Gurdial Iliyokataa Kushiba

Kwenu ninyi watatu mlio kambini Olkaria,

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kamati nzima, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Ngojeni. Msianze kucheka, hata sijaeleza. Nawaandikia leo leo, Jumamosi hii hii, kwa sababu Nakuru ni mji wenye mdomo, na najua habari zitafika huko kwenu kabla ya Jumatano zikiwa zimetiwa chumvi. Afadhali mzipate kwangu zikiwa hazina chumvi. (Kidogo tu, ya kuonja.)

Mnaikumbuka karakana ya Bwana Gurdial, tulikojifunza useremala sote wanne. Ninyi mkaondoka kwenda kutoboa ardhi mkitafuta mvuke, mimi nikabaki na mbao. Miaka tisa sasa. Katika miaka hiyo tisa nimefanya kazi chini ya wasimamizi watano. Wawili kati yao hawakujua kunoa patasi, na mimi ndiye niliyewanolea. Sijawahi kusimamia hata kazi ya kupachika dirisha moja la choo. Shikeni hilo, maana ndilo lililonifanya niwe mjinga.

Wiki mbili zilizopita Bwana Gurdial alipokea kifurushi kutoka kwa ndugu yake anayekaa Uingereza. Tukamzunguka. Akaifungua kamba kwa kucha, fundo moja baada ya jingine. (Mnamjua. Kamba nzuri haikatwi, hata kama watu kumi wamesimama wanangoja.) Ndani kulikuwa na drili. Nikasema moyoni, haya, drili si tunayo? Yeye akaigeuza huku na huku, akatutazama akitabasamu ndani ya ndevu.

"Waya iko wapi?" akauliza.

Tukaangalia. Tukapekua makaratasi. Tukakung'uta sanduku. Hakuna waya! Bwana Gurdial akainyanyua juu, akabonyeza. Vruuu!

Jamani. Stima bila waya! Niliisikia ile sauti hadi kwenye meno. Mpini wake wa plastiki umekaa vizuri kiganjani, na ndani ya mpini huo kuna betri, unaifyatua hivi, inatoka. Betri unaichomeka kwenye kisanduku kidogo cha kuchajia, kisanduku unakiunganisha kwenye soketi, taa nyekundu inawaka, basi. Mimi siwezi kueleza vile nilivyoipenda. Mke wangu akisoma barua hii atasema hata yeye sijapata kumtazama hivyo, na nitakosa la kumjibu.

Mzee Shitakwa naye akaishika. Huyu mnamfahamu, lakini kwa yule kati yenu mwenye kusahau: ndiye fundi wa zamani wa mabehewa ya reli, anayetoboa kila kitu kwa keke ya mkono, ile ya kuzungusha, na hataki kingine. Akaipima uzito, akaigusa ncha, akairudisha mezani kwa heshima.

"Ni kitu kizuri kabisa," akasema. "Sasa inakula nini?"

"Inakula stima, mzee," nikamjibu. "Unailisha usiku, mchana inafanya kazi."

Akaguna, akarudi kwenye benchi lake kunoa ncha za keke.

Siku hiyo hiyo Bwana Gurdial akatupa habari ya pili. Watu wa Ndabibi, kule nyuma ya ziwa la Naivasha, wamejenga zahanati yao ya harambee. Wamechanga, wamesimamisha kuta, wameezeka. Sasa wanataka milango kumi na minne, madirisha na kabati za dawa, na kule hakuna stima hata ya kuwashia balbu moja. Kamati yao itakuja karakanani Jumamosi ya wiki ya pili, ione kazi yetu, iamue kama watatupa sisi au watawapa mafundi wengine.

"Mashine hii naenda Ndabibi," Bwana Gurdial akasema kwa Kiswahili chake cha Kihindi mnachokijua. "Mtu najua mashine, huyo ndiyo msimamizi."

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi.

"Niachie mimi, Bwana!"

Jioni ile nikamwambia mama watoto kwamba mumewe ni msimamizi. Yeye akawaambia jirani wawili. Kufika kesho yake landi zote za reli, zile nyumba za wafanyakazi tunamokaa, zilikuwa zinanipongeza, na mzee mmoja akaniuliza kama nitahitaji mtu wa kupika chai huko Ndabibi. (Nikamwambia nitalifikiria ombi lake. Mungu anisamehe.)

Basi nikaanza kazi ya kuilea drili. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma neno kwa neno: betri ikae kwenye chaja masaa kumi na sita. Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi na moja jioni tunapofunga kazi hadi saa tatu asubuhi ni masaa kumi na sita kamili. Mchana haiwezekani, kwa sababu karakana ina soketi moja tu nzuri na hiyo ni ya kinoo cha stima. Kwa hiyo jioni nachomeka, asubuhi saa tatu natoa. Mpango safi.

Siku ya kwanza nikaitoa saa tatu, nikatoboa. Vruuu! Tundu la kwanza, kama kisu kwenye ndizi. La pili, vizuri. La tatu, sauti ikashuka. La nne ikalia kama mbuzi mwenye kikohozi, ikasimama.

Nikasema ni ugeni. Imetoka ng'ambo, imechoka na safari.

Siku ya pili, matundu manne. Siku ya tatu, manne. Nikaanza kuichunguza kifundi. Nikasugua vyuma vya betri kwa msasa laini hadi vikang'aa. Matundu manne. Nikachunguza plagi, nikakaza skrubu zote tatu. Manne. Nikaifungua chaja yenyewe, nikapuliza vumbi la mbao, nikaangalia kila waya uliomo ndani kwa macho ya daktari. Hakuna kilichokatika. Nikafunga. Manne!

Na taa nyekundu je? Ilikuwa inawaka! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kila nikiangalia, taa inawaka. Jioni nikichomeka, inawaka. Asubuhi nikifika, nikiingia ndani, nikaiangalia, inawaka. Betri imekaa usiku kucha mbele ya sahani, na asubuhi inaamka na njaa.

Bwana Gurdial akaniuliza mara moja tu, Jumanne. "Wewe naacha hii kwa stima usiku mzima?"

"Usiku mzima, Bwana. Masaa kumi na sita."

"Hapana toa mapema?"

"Naapa, Bwana."

Akashika ndevu. "Basi ndugu yangu nadanganywa dukani," akasema, na nikaona imemwuma. Ndugu yake ni mkubwa wake, na zawadi ya mkubwa haisemwi vibaya. Mimi, badala ya kunyamaza, nikamwongezea. Nikamwambia hapana shaka betri ni mbovu, tena huenda ilikwisha tumiwa na watu wengine kule Uingereza, na afadhali amwandikie. (Ndiyo. Nilisema hivyo. Endeleeni kusoma.)

Akaandika. Barua ya kurasa mbili kwa maandishi ya kwao, ameinama mezani, uso hauna furaha. Akaifunga, akaiweka mfukoni, akasema ataipeleka posta Jumatatu, kamati ikishaondoka.

Jana, Ijumaa, nikafikia hatua ya mwisho. Ninyi mnajua betri za redio zikichoka tunafanya nini. Tunazianika! Hakuna nyumba Nakuru ambayo haina betri juu ya mabati. Nikajiuliza, kwa nini hii iwe na kiburi? Nikapanda juu ya paa la karakana saa mbili asubuhi, nikaitandikia gunia, nikailaza juani. Ikakaa huko mchana kutwa. Mara mbili nilipanda kuigeuza, ipate joto pande zote. Mzee Shitakwa akawa ananitazama kutoka chini, keke mkononi.

"Imeiva?" akaniuliza.

Nikamwambia asicheze na sayansi. Nikashuka na betri jioni, ya moto kama chapati, nikaichomeka kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka. Nikaiambia, kwa sauti, nikiwa peke yangu, "Mama, kesho usiniangushe."

Sasa ndiyo leo.

Nilifika saa moja, kama siku zote. Nimevaa shati jeupe. (Shati jeupe! Karakanani!) Nikafungua, nikafagia, nikakuta taa inawaka kama kawaida. Saa tatu nikaitoa betri, nikaipachika kwenye drili, wala sikuijaribu. Niliogopa kupoteza hata tundu moja. Nikasimamisha mlango mmoja wa podo mpya kabisa kwenye jiliwa la kubania mbao, ule ambao ungekuwa wa mfano, nikauwekea alama za kufuli na bawaba. Redio ya Bwana Gurdial ya stima ilikuwa inasema juu ya rafu, imeungwa kwenye waya wa taa, nikapunguza sauti ili wageni wasikie vizuri maelezo yangu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nyumbani.

Saa nne Landrova ikaingia. Kamati ya Ndabibi ilikuwa watu sita, lakini ilionekana upesi kwamba kamati ni mtu mmoja. Mwenyekiti wao, Mama Wanjiru. Ni mama wa makamo, mfupi, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, na sweta yake ina mifuko iliyojaa risiti, kalamu na kipimo cha futi. Kipimo chake mwenyewe! Akapeana mikono na kila mtu, akatoa kile kipimo, akaupima mlango wangu juu na chini kabla ya kusema neno. Nilimheshimu mara moja. Baadaye nilimwogopa pia.

Bwana Gurdial akawakaribisha chai, Mama Wanjiru akasema chai baada ya kazi. Basi nikaanza hotuba.

"Mama Mwenyekiti, wazee, mabibi na mabwana. Wengine watakuja kwenu na keke za mkono. Sisi tutakuja na hii. Stima bila waya!"

Vruuu! Mzee mmoja akaruka nyuma. Nilijisikia vizuri sana, sitawaficha. Nikatoboa tundu la kwanza. Kamati ikasema, "Eeeh!" La pili. Wakasogea karibu. Nikageuza uso kuwatazama huku mkono unatoboa la tatu, nikawa ninasema, "Kama mnavyoona, wala sihitaji kutumia nguvu..."

Sauti ikashuka.

Nikaegemea kidogo. Sauti ikashuka zaidi. Nikaacha hotuba, nikaegemea kwa mwili wote, na drili ikatoa ule mlio wa mbuzi, ikasimama. Ncha ikiwa ndani ya mlango.

Nikavuta. Haitoki. Nikazungusha. Haitoki. Mlango wa zahanati ya wananchi, na drili imening'inia juu yake kama kupe. Nikaweka mguu mmoja juu ya mlango, nikaishika kwa mikono miwili, nikahesabu moja, mbili...

Ilitoka.

Nilikwenda kinyumenyume hatua nne, nikazikwa kwenye rundo la vumbi la mbao. Miguu juu. Shati jeupe. Drili nimeikumbatia kifuani, sikuiachia, hilo mnipe heshima yangu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mzee Shitakwa akaja, akaninyanyua kwa mkono mmoja, akanipangusa mgongoni. Kisha akaenda mlangoni na keke yake, akaiweka kwenye lile tundu langu la tatu lililokuwa halijakwisha, akaweka kifua juu yake, akazungusha. Taratibu. Mnyoo mrefu wa mbao ukatoka na kujikunja hadi sakafuni, haukukatika. Alipotoa ncha, Mama Wanjiru akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha ndani.

"Hii ni laini," akasema. Akaingiza kidole kwenye tundu langu la pili. Hakusema kitu juu ya hilo.

Hapo ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, aandae chai. Lakini niliiona Ndabibi inaondoka, na landi zote zinaningoja, na yule mzee wa kupika chai. Nikasema, "Mama Mwenyekiti, kosa si letu. Mashine imeletwa kutoka ng'ambo ikiwa na betri mbovu. Nimeichunguza wiki mbili."

Bwana Gurdial akatazama chini.

Mama Wanjiru hakukasirika. Akavuta kigoda, akaketi, akaweka mikono magotini. "Sasa wewe, kijana," akasema, "hii kitu hulishwanga vipi? Nionyeshe yote, usiache kitu. Mimi nimeuza maziwa miaka mingi. Ng'ombe akikosa maziwa, mimi huuliza kwanza mwenye kumlisha."

Nikafurahi! (Mjinga hufurahi akipewa kamba ya kujinyongea.) Nikasema nitaonyesha kila hatua, kamati ijionee kwamba upande wangu ni safi.

"Jioni saa kumi na moja natoa betri, hivi. Nachomeka kwenye chaja, hivi. Nachomeka chaja kwenye soketi. Taa nyekundu, mnaiona?"

"Tunaiona," kamati ikasema.

"Nafagia." Nikashika fagio, nikafagia kidogo. "Nafunga madirisha, moja, mbili, tatu. Na kwa sababu mimi ndiye ninayeshika funguo, ndiye mtu wa mwisho kutoka. Miaka tisa, Mama, siku zote mimi ndiye wa mwisho. Sijasahau hatua hata moja! Nakuja hapa mlangoni..."

Na nikaenda pale mlangoni, nikiwa nimewapa mgongo, na mkono wangu ukapanda wenyewe, kama unavyopanda kila jioni ya Mungu, ukashika ile swichi kubwa ya karakana yote, ukaivuta chini. Tak!

Redio ikanyamaza katikati ya matangazo ya vifo.

"...natoka," nikasema.

Nikageuka. Watu sita wa Ndabibi, Bwana Gurdial na Mzee Shitakwa, hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Walikuwa wanaitazama chaja.

"Na ile taa?" Mama Wanjiru akauliza kwa upole.

"Taa gani?" nikasema.

Jamani, hata nilipokuwa ninauliza nilikuwa nimekwisha kuiona. Imezimika. Na mkono wangu bado uko juu ya swichi. Niliuangalia ule mkono kama mkono wa mtu mwingine. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi kitu cha kwanza ninachofanya nikifungua mlango, kabla hata ya kuvua koti, ni kuipandisha. Ndiyo maana nilikuta taa inawaka kila siku! Ilikuwa imewaka muda ule ule, mbele yangu, kunisalimia. Betri ilikuwa inakula nusu saa jioni wakati ninafagia, na masaa mawili asubuhi, halafu ninasema imekula kumi na sita. Nimeisugua msasa. Nimeianika juu ya bati. Nimemsingizia ndugu wa mtu, tena mkubwa.

Mama Wanjiru ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, kisha akapasuka. Alicheka hadi kitambaa cha kijani kikamshuka machoni. Kamati yote ikafuata. Mzee aliyeruka nyuma mwanzoni alishikilia mlango asianguke. Mimi nilisimama pale na fagio, na sikujua niliweke wapi.

Kisha akajifuta machozi, akakigeuza kigoda kumwelekea Bwana Gurdial, na sauti yake ikarudi ile ya kipimo cha futi. "Bwana Gurdial. Huyu ndiye mtu uliotaka kutuletea awe mkubwa wa kazi?"

Moyo wangu ulisimama kama ile drili. Bwana Gurdial alikuwa hajacheka. Alitoa ile barua mfukoni, akaichana mara mbili, akaweka vipande kwenye kikapu cha taka. Hakunitazama wakati anachana, na nikatamani angenipiga.

"Mama," akasema, "karakana yangu ya kwanza naungua. Yote. Mbao, mashine, pasi ya bibi yangu. Fundi nasahau kuzima stima, waya moja nashika moto. Mimi nasimama barabarani na nguo ya kulala, naona miaka kumi na mbili nakuwa majivu. Hapo ndiyo mimi naweka sheria: mtu ya mwisho nazima swichi." Akaninyooshea kidole. "Huyu, miaka tisa, siku moja hajasahau. Wiki mbili hii yeye napenda mashine kuliko chakula, na bado jioni nazima. Akili nakwenda Ndabibi, mkono nakaa kazini. Wewe nataka mtu ya milango kumi na nne? Mimi sina mwingine."

Sikujua la kufanya na uso wangu. Miaka tisa yule mzee hajawahi kunisifu. Hata mara moja. Nilidhani hajui nani huzima. Nawaambia bila aibu, macho yaliniuma, na si vumbi la mbao, ingawa niliwaambia ni vumbi la mbao.

Mama Wanjiru akakirudisha kipimo chake mfukoni. "Zahanati yetu itakuwa na dawa," akasema. "Na kabati za dawa zataka mtu wa kufunga vizuri. Sawa. Aje huyu. Lakini aje na yule mzee wa tundu laini."

Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu saa nne. Chai ikaletwa. Nikawamiminia mwenyewe, kila mtu, na Mama Wanjiru nikamwongezea sukari bila kuulizwa. Mambo yakawa mazuri kabisa. Bwana Gurdial akasema drili itachajiwa nyumbani kwake usiku huu, chini ya macho ya bibi yake, ili tuone inavyofanya kazi ikishiba kweli. Nikaanza hata kueleza tena, taratibu, vile mashine ile itakavyoturahisishia kazi kule porini. (Ndiyo, nilianza tena. Mtu haachi tabia kwa siku moja.)

Wakaingia kwenye Landrova. Mama Wanjiru akakaa mbele, akafunga mlango, injini ikawaka. Kisha akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Wewe, msimamizi," akaniita. Mara ya kwanza maishani mwangu kuitwa hivyo! "Ndabibi hakuna stima. Hii kitu ikiisha nguvu kule, utailisha wapi?"

Nikafungua mdomo.

Nikamtazama Bwana Gurdial. Bwana Gurdial akafungua mdomo. Tukatazamana. Wiki mbili nzima, chaja, kijitabu, msasa, barua ya kurasa mbili, na si yeye wala mimi aliyewahi kujiuliza hilo.

Mzee Shitakwa alikuwa amekaa kwenye benchi lake, anafunga ncha zake za keke kwenye kitambaa chenye mafuta, kubwa hadi ndogo. Zote zimenolewa. Sanduku lake la safari lilikuwa tayari limefungwa kamba.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ulijua?"

"Nilijua siku ile ya kwanza," akasema. "Nikauliza inakula nini. Ukanijibu vizuri sana, nikaona hutaki swali la pili."

Jumatatu asubuhi tunaondoka, yeye na mimi, na barua hii nampa dereva anayekuja huko kesho, iwatangulie. Kwa njia mtatuona, tukipita Naivasha, na mkitaka kunisalimia mnisalimie. Lakini ombi langu ni moja: mkinicheka, nichekeni barua hii ikiwa mikononi mwenu, mmalize kabisa, maana mbele ya Mzee Shitakwa mimi nimepanga kuwa msimamizi mwenye heshima, na yeye ameniahidi kunisaidia kuigiza.

Ndugu yenu,
Wafula